TULIVYOWAPIMA WACHEZAJI WA BARAFU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wengi.)



Katibu ametuomba tusimame mbele yenu tuseme habari za safari yetu ya Uingereza. Habari za masomo mmekwisha kuzisoma katika toleo lililopita, na hesabu ya fedha iko kwa Mtunza Hazina, atakaye akaitazame. Leo twataka kusema juu ya jambo moja tu, ambalo wengine wenu wamelicheka hata kabla halijasemwa, ya kwamba sisi wakaguzi wa mabehewa sita tulikwenda kutazama watu wakicheza juu ya barafu, tukakaa saa mbili na zaidi, tukawapa maksi. Chekeni, walakini sikilizeni. Kupima kazi ya mtu ndiko kunakotusumbua humu kazini, na Jumapili ijayo mtapiga kura juu yake. Nasi tuliyojifunza kule juu ya kupima yatufaa kuliko mengi tuliyofundishwa darasani.

Mji wenyewe ni Nottingham. Wazee wetu waliujua mji huo bila kuujua, kwa maana baiskeli nyingi za Raleigh walizozipanda zilitengenezwa huko, na kazi hiyo ilikoma mwaka 2002. Pana jumba kubwa la barafu lililofunguliwa mwaka 2000, mahali palipokuwa na jumba la zamani la mwaka 1939. Kiwanja kilicho mbele yake chaitwa Bolero Square, na sababu ya jina hilo tutaisema. Onyesho tuliloliona ni la kusafiri, leo mji huu kesho mji ule. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa tutasema mema na mabaya ya watu waliokuwa kazini, nao hawapo hapa kujitetea. Tiketi tulipewa na wenyeji wetu. Hazina ya tawi haikutoa hata senti moja, twasema hivi kwa ajili ya wale wanaokaa nyuma pale.

Baadhi yenu mmekwisha kuona barafu ya namna hiyo papa hapa Nairobi, kwa kuwa hoteli ya Panari ilifungua uwanja wake mwaka 2005. Kwa wasioiona twaeleza. Chini mna sakafu ya zege, na ndani ya zege mmelazwa mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au dawa yenye baridi kali. Juu yake hunyunyizwa maji kidogo kidogo yakaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene wa sentimita tatu au nne hivi. Uwanja kamili ni mita 60 kwa mita 30. Barafu ya wachezaji hawa haitakiwi kuwa ngumu mno. Huwekwa kama nyuzi tatu au nne chini ya sifuri, ipate kushika chuma. Wacheza mpira wa magongo huitaka ngumu kuliko hiyo.

Sasa chuma chenyewe, kwa maana hapo ndipo penye siri ya mchezo wote. Chini ya kiatu mna bapa la chuma, unene wake milimita nne hivi, na mbele lina meno. Upande wa chini limechongwa mfereji mwembamba kutoka mbele hata nyuma, kwa hiyo lina kingo mbili, wa ndani na wa nje. Asiyejua hudhani mtu huteleza juu ya chuma chote. Sivyo. Mchezaji mwema husimama juu ya ukingo mmoja tu, mwili umelala upande, na ukingo huo ndio unaomchukua katika mviringo. Sisi watu wa magurudumu tulilifahamu mara moja. Behewa lenye gurudumu zima likiingia kwenye kona hushika reli likaifuata, na lenye gurudumu lililolika huyumba. Mchezaji anayesimama juu ya kingo zote mbili pamoja huenda mbele, ndiyo, lakini hana amri juu ya njia yake.

Tena tulikuwa na faida nyingine ambayo waliokaa karibu nasi hawakuwa nayo. Kazi yetu ni kusikiliza. Gurudumu zima ukiligonga kwa nyundo hulia kama kengele, na lenye ufa hulia kama debe. Basi tulisikiliza miguu. Ukingo ulioshikwa vizuri hutoa sauti ndogo, kama mshona nguo anayepasua kitambaa kwa mkasi mkali bila kuufumba. Ukingo mbaya hukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Muziki ulikuwa mkubwa, lakini walipopita karibu na safu yetu, ambayo ilikuwa ya nne kutoka chini, tulisikia.

Kabla ya taa kuzimwa tulikubaliana namna ya kupima. Kila mtu aandike maksi zake peke yake, kumi kuwa ndiyo juu kabisa, bila kumwonyesha jirani, na mwisho atie jina lake. Mmoja wetu ni mwalimu wa kwaya kanisani, tukamwambia autazame muziki kuliko miguu. Wengine tutazame jinsi mtu anavyoingia katika mruko, jinsi anavyotua, na kama baada ya kutua bado ana mwendo. Hili la mwisho ni kubwa. Mruko wa kweli hauli mwendo wote. Goti la mguu uliotua hukunjika, mguu wa pili hupita nyuma, na mtu hutoka akirudi kinyumenyume juu ya ukingo wa nje karibu na kasi aliyoingia nayo. Akitua akasimama kama mtu aliyeruka mfereji, mruko wake ulikuwa wa kuazima.

Miruko mingine ina majina ya watu. Axel ni jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeiruka mwaka 1882. Salchow ni ya Ulrich Salchow wa Sweden, mwaka 1909. Lutz ni ya Alois Lutz wa Austria, mwaka 1913. Fikirini hilo. Hapa kwetu fundi akivumbua namna mpya ya kukaza breki, jina linaloandikwa katika ripoti ni la msimamizi wake. Axel ndiyo rahisi kuitambua, kwa kuwa ni peke yake ambayo mtu huondoka akitazama mbele, na kwa hiyo huongeza nusu mzunguko, maana kutua hutua kinyumenyume kama kawaida. Mwaka 2022 kijana wa Marekani, Ilia Malinin, alikuwa wa kwanza duniani kuitua katika mashindano yenye mizunguko minne na nusu.

Tulioona sisi hawakufika huko, na haifai kuwadai. Katika onyesho taa za ukumbi huzimwa, kurunzi kubwa humfuata mchezaji machoni, mavazi huwa mazito, na kazi ni ile ile kila usiku, si mara nne kwa mwaka. Anayempima mtu lazima kwanza ajue amefanya kazi katika hali gani.

Wa kwanza alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kumetameta. Aliruka Axel ya mizunguko miwili na nusu, juu sana, watu wakapiga makofi kabla hajatua. Alitua kwa mguu mmoja na kidole cha mguu wa pili. Sita kati ya kumi. Akarudia kwa upande wa pili, safari hii akatua safi, tukampandisha hata saba. Baada yake msichana aliyecheza Lutz. Mruko huu una ugumu wake. Mtu huja akirudi nyuma juu ya ukingo wa nje katika mviringo unaokwenda upande mmoja, halafu auzungushe mwili upande ulio kinyume. Mwili haupendi. Wengi katika dakika ya mwisho huugeuza mguu kidogo kuingia ukingo wa ndani, wakaruka kwa urahisi, na watazamaji wasijue. Yeye aliugeuza. Tulikuwa karibu, tukaona. Tukamkata maksi mbili, ingawa tabasamu lake lilikuwa zuri kuliko yote ya usiku ule na mwenzetu mmoja aliona tabasamu lastahili kuhesabiwa.

Mume na mke waliofuata walitugawanya. Mwanamume alimwinua mwanamke juu ya kichwa kwa mkono mmoja akazunguka uwanja. Kisha akamshika mkono, akasimama kama mhimili, na mwanamke akazunguka amelala chali, nywele zikifagia barafu. Wanne wetu waliandika nane. Mwalimu wa kwaya aliandika tano, akasema muziki ulipita njia yake na wao wakapita yao, na kwamba mahali ambapo ngoma zilinyamaza wao waliendelea kukimbia. Tulibishana hata kwenye basi. Hakubadilisha, nasi hatukubadilisha.

Aliyepata maksi nyingi kuliko wote hakuruka hata mara moja. Alikuwa mama mtu mzima, miaka yake yapata arobaini na kitu, mwenye gauni la kijivu. Alikuja akisimama juu ya mguu mmoja, wa pili ameuinua nyuma juu ya kiuno, akavuka uwanja wote kwa ukingo mmoja, akabadilisha ukingo katikati bila kusukuma tena, na mviringo ukageuka kuwa S kubwa juu ya barafu. Kisha akazunguka kama pia, mahali pamoja, pasipo kuhama hata kwa upana wa sahani. Hakukwaruza. Makofi aliyopata yalikuwa ya adabu tu. Karatasi zetu zote sita zilikuwa na tisa.

Wakati wa mapumziko watu walikwenda kununua vinywaji, sisi tukabaki, maana lilitoka gari la kutengeneza barafu. Mashine ya namna hiyo ya kwanza ilitengenezwa na Frank Zamboni wa California mwaka 1949. Hukwangua juu ya barafu iliyoharibiwa, huosha, na nyuma yake kitambaa kipana hupaka maji ya moto, ambayo huganda yakawa kama kioo. Dereva alikuwa mzee mwenye ovaroli. Kila mstari wake uliulalia ule wa kwanza kwa kiasi kile kile, pembeni hakugusa ukuta wala hakuacha pengo, akatoka uwanjani bila kuacha tone la maji. Hakuna aliyempigia makofi ila sisi sita, naye akatupungia kofia. Tulimwandikia tisa na nusu, na mkitaka kujua kwa nini si kumi, alikuwa na taa moja ya nyuma isiyowaka. Mkaguzi ni mkaguzi.

Kipindi cha pili kilifungua kwa safu ya watu kumi na sita walioshikana mikono wakazunguka kama mshale wa saa. Wa ndani karibu hatembei, wa nje hukimbia kama mwizi, na watazamaji wote humtazama huyo wa nje. Tazameni wa katikati. Ni kama gari moshi la mabehewa kumi na sita kwenye kona: kiungo kimoja kikivuta zaidi, mstari huvunjika. Mara mbili mstari ulianza kupinda, na mara mbili aliyeunyosha ni mwanamke mfupi, wa nne kutoka nje, kwa kumvuta wa kulia kwake kidogo bila kugeuza kichwa. Baadaye tulimkuta kwenye mlango wa nyuma amebeba begi lake, tukamwambia tumemwandika. Alistaajabu. Alituambia kwamba siku za Jumamosi hucheza mara mbili, viatu hununua kwa fedha zake, na mtu wa safu akianguka huamka mwenyewe kwa kuwa kurunzi haiko kwake.

Mmoja alianguka kweli, kijana wa pili wa kuruka. Aliinuka, akaukamata muziki katika hesabu mbili, akamaliza. Hatukumkata zaidi ya maksi moja, na hiyo ndiyo desturi ya mashindano makubwa pia: kuanguka mara moja kwa kawaida hukatwa pointi moja. Wala msimsahau mchekeshaji aliyeanguka makusudi mara kumi. Kuanguka kwa saa na dakika uliyopangiwa, ukateleza mpaka mahali ulipopangiwa, ni ufundi wa juu.

Wa mwisho alipiga pindu la nyuma, miguu juu kichwa chini, na ukumbi ukalipuka. Hapo twataka kusimama kidogo.

Pindu hilo lilichezwa katika Olimpiki ya mwaka 1976 na Mmarekani Terry Kubicka, kisha wakubwa wa mchezo wakalipiga marufuku katika mashindano. Mwaka 1998, huko Nagano, Japani, mwanamke mweusi wa Ufaransa, Surya Bonaly, alikuwa ameumia mguu na kujua kwamba nishani hataipata. Katikati ya mchezo wake akapiga pindu lile lile, akatua kwa mguu mmoja. Akakatwa maksi, akamaliza wa kumi. Marufuku ilikuja kuondolewa mwaka 2024. Mwaka 1994, katika mashindano ya dunia kule Chiba, Bonaly alikuwa amekosa dhahabu kwa kura ya waamuzi watano dhidi ya wanne, akavua nishani yake ya fedha mbele ya watu.

Je, alionewa? Tulibishana juu ya hilo pia. Twasema tunavyoona. Miruko yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wengi wa wakati wake. Kingo zake hazikuwa na kina kama za washindani wake wengine, na anayesema waamuzi wote walikuwa waongo hajatazama miguu. Lakini katika mizani ya watano kwa wanne, neno kama “uzuri” likiachwa bila kuelezwa, kila mwamuzi hulijaza kwa aliyoyazoea nyumbani kwake, na mwili wa Bonaly haukuwa ule waliouzoea. Maksi isiyoelezwa haimwachi mshindwa ajue kama ameshindwa na kazi au na uso wake.

Sasa Bolero Square. Jayne Torvill alikuwa karani wa bima katika mji ule wa Nottingham, na Christopher Dean alikuwa askari polisi wa zamu. Walifanya mazoezi saa za usiku, watu wengine walipokwisha kutoka uwanjani, mpaka halmashauri ya mji ilipowapa fedha wakaweza kuacha kazi. Tarehe 14 Februari 1984, kule Sarajevo, walicheza muziki wa Ravel uitwao Bolero. Muziki ulikuwa mrefu kupita muda wa sheria, lakini sheria ilihesabu tangu chuma kinapoanza kuteleza, basi wakaanza wamepiga magoti, na sekunde hizo za magotini hazikuhesabiwa. Kiongozi yeyote wa chama aliyewahi kusoma mkataba mstari kwa mstari atawapenda kwa hilo. Maksi ya juu wakati ule ilikuwa sita. Kwa ufundi walipata sita tatu, na kwa uzuri waamuzi wote tisa waliandika sita.

Desturi ile ya sita iliuawa na waamuzi wenyewe. Februari 2002, katika Olimpiki ya Salt Lake City, dhahabu ya wawili wawili ilikwenda kwa Warusi mbele ya Wakanada. Mwamuzi wa Ufaransa akasema kwamba alishurutishwa na mkubwa wa chama cha mchezo cha nchi yake, halafu akayageuza maneno. Wote wawili wakafungiwa miaka mitatu, na Wakanada wakapewa dhahabu ya pili. Kwa ajili ya fitina hiyo ikatungwa hesabu mpya mwaka 2004. Kila mruko una thamani yake iliyoandikwa mapema, waamuzi huongeza au hupunguza kwa namna ulivyofanywa, maksi ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na zinazobaki hugawanywa. Hiyo ni kazi nzuri. Walakini pamoja nayo waliweka jambo jingine, wakasema ni la kumlinda mwamuzi asishurutishwe: majina ya waamuzi yakafichwa. Maksi zilionekana, lakini hukujua nani ameandika ipi. Basi anayependelea alipata kivuli cha kukaa. Ilichukua mpaka mwaka 2016 mkutano wao mkuu upige kura kuliondoa pazia hilo.

Ndugu wanachama, fomu ya kupimia kazi tunayoletewa mnaifahamu. Ina mistari minane, na mmoja wao wasema “mwenendo kwa jumla,” bila maelezo. Hujazwa na mtu mmoja. Aliyepimwa haioni. Huwekwa katika bahasha, na bahasha ndiyo inayoamua nani atapanda daraja na nani atabaki. Wenzetu watatu wa zamu ya usiku wamepitwa mara mbili, na hata leo hawajui ni mstari upi uliowaangusha. Wakubwa wetu watasema jina la anayejaza lafichwa ili asichukiwe.

Sisi sita hatusemi msipimwe. Mtu asiyetaka kazi yake ipimwe hatumtetei, na mkaguzi wa mabehewa akisema hivyo atachekwa na magurudumu. Twaomba kamati ipeleke mambo haya mezani: kila mstari uelezwe maana yake kabla ya mwaka kuanza; wapimaji wawe watatu, nao waliwahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yao; kila mmoja aandike peke yake na kutia jina; na aliyepimwa asome, apate siku kumi na nne za kujibu. Mstari wa “mwenendo kwa jumla” ufutwe, au uandikwe kwa maneno ambayo mtu aweza kuyaonyesha kwa kidole, kama tulivyoweza kumwonyesha yule msichana ukingo wa mguu wake.

Karatasi zetu sita za maksi za Nottingham, pamoja na ya mwalimu wa kwaya yenye tano yake, zimebandikwa mlangoni pa ofisi ya tawi. Zina majina yetu. Aliyewahi kuutazama mchezo huu katika televisheni, na aonaye tumemnyima mtu haki yake, nafasi ya kuandika imeachwa upande wa kulia, naye atie jina.